Leçon Kumi Zenye Adèle Hakufundisha

Ukipita mu Beni asubui ya siku ya ine, karibu na barabara yenye kutoka Butembo, utasikia sauti ya mwanamuke inashinda mamoto yote yenye kupita pale. "Moja! Mbili! Magoti juu! Weye wa nyuma, hayo ni magoti ao ni mifuko ya biazi? Juu, nasema!" Ule njo Adèle Kahongya, mwalimu wa mwaka wa tano primaire. Iko na miaka makumi ine na moja, mugongo umenyoroka sawa muti wa eucalyptus. Balimu benzake banamuitaka Professeur, bamoja kwa kumupenda, bengine kwa kumuchoma kidogo. Yeye anacheka. Mais benye banajua hadisi yake habamuite vile hata siku moja, juu banajua ilibakiaka kidogo sana jina ile ikuwe ya kweli.

Adèle alizaliwa Kipese, kule juu ku baridi, kwa batu ba biazi na maharagi. Mutoto wa Kipese anajua kupanda mulima mbele ajue kusema vizuri. Ku miaka kumi Adèle alikuwa anashuka na kitunga ya biazi ku mugongo, anapita batoto banaume, kisha anabangoja chini, mikono ku kiuno, sawa mutu mwenye alilala muchana yote. Akasoma, akakuwa mwalimu wa primaire. Unajua namna balimu banachukia saa ya gymnastique: jua, mavumbi, makelele. Yeye alikuwa anaitafuta. "Nipe saa yako ya gymnastique, nikupe yangu ya calcul." Mwenzake anakubali mbiyo mbiyo, mbele Adèle ageuze mawazo.

Ku miaka makumi tatu na mbili akaamua kurudi ku banc ya banafunzi, mu institut moja ya Butembo, mu section ya éducation physique. Habakosi benye balicheka. Mais yeye alikuwa na sababu yake, na haikuwa ya mu mawingu. Secondaire moja ya Kayna ilikuwa imemuambia wazi: lete diplôme ya gymnastique, kazi ni yako. Kutoka Kayna kufika Kipese si mbali, na mama yake alikuwa anazeeka kule peke yake. Mulango ulikuwa wazi kabisa. Ilibakia karatasi moja tu.

Siku ya kujiandikisha, Orpa, secrétaire wa section, mwanamuke mwenye kusema mbiyo sawa mashini ya kushona, akagawia kila mutu karatasi ya masharti, akabasomea kwa sauti. Kila mwaka mutu alete karatasi ya munganga kama moyo na mapafu biko muzima. Avae training ya section, hapana pagne, hapana sapatu. Asikose masomo bila kuandika barua mbele, hata kama ni kilio ya baba yake mudogo. Akimbie, aruke, arushe, apande barre, kile chuma cha juu, aogelee. Mwaka wa tatu aandike travail yake ya kumaliza. Na mbele ya yote, afanye stage: leçon kumi na mbili ku primaire moja. Kila leçon iandikwe ku fiche siku moja mbele, ifundishwe na mwanafunzi mwenyewe, na directeur wa ile masomo atie sinyature yake ku fiche siku ile ile. Kisha jury ikuye kumuona anafundisha.

Chini kabisa kulikuwa mistari mbili, na Orpa alizisoma polepole, yeye mwenye hajuake polepole. "Mwanafunzi njo wa kwanza wa kujibu juu ya fiche yake. Mwenye alikosa leçon, aseme, atairudilia. Mwenye aliandika leçon yenye hakufundisha, tutamutosha nje kabisa. Mumesikia?"

"Mama Orpa," akauliza Sadrack, kijana moja wa mbele mwenye mudomo haufungi, "hii ni gymnastique ao ni ndoa?"

"Ndoa iko na masharti kidogo," Adèle akajibu nyuma yake, akasinya.

Ile miaka mbili ya kwanza alitoka jasho mais alicheka. Batoto ba miaka makumi mbili balikuwa banamuita Mama G1, juu ya mwaka wa kwanza, kisha Mama G2. Ku kanisa yabo, bamama ba chorale balimutosha mwezi muzima juu ya ile training. "Mama muzima na suruali!" Adèle akabauliza kama banataka apande barre na pagne, na bao bakuye kusimama chini bamuone. Mazungumuzo ikaisha pale, mais ile mwezi aliimba ku banc ya nyuma. Ya kuogelea njo ilikuwa mukasa. Butembo ni milima, ziwa haiko. Professeur Zorobabel, mwenye kubafundisha, mutu mufupi, mukavu, mwenye hajacheka tangu abatizwe, akabalalisha juu ya madeske, tumbo chini, bakapiga mikono mu hewa sawa makuku yenye banataka kuchinja. Kisha akabapeleka siku moja mu kiziwa cha samaki cha paroisse. Adèle alitoka mule na matope mu masikio na pointi kumi na tatu ku makumi mbili. Alipigia mama yake simu: "Mama, najua kuogelea!" Mama akajibu: "Wapi?"

Mwaka wa tatu ikafika stage. Ilikuwa mwaka wa Ebola. Ku kila mulango wa masomo kulikuwa ndoo ya chlore na mutu wa kupima joto ku paji la uso. Batoto kushikana mikono, hapana. Kubebana, hapana. Adèle akageuza fiche zake zote. Michezo ya kushikana akaitosha, akaweka ya kuruka kamba, kila mutoto na kamba yake ya migomba. Akachora tutu tudogo pembeni ya kila fiche, kamoja kanainama, kengine kanaruka. Fiche zake zilikuwa nzuri mupaka Sadrack aliziomba azione tu, asiige, akaiga.

Bakamutuma ku primaire moja ya Butembo, chini karibu na muto Kimemi. Alipoingia mu bureau ya directeur alishika mudomo. Alikuwa muzee Paulin, wa Kipese, mwenye alimufundisha kusoma mu mwaka wa kwanza. Nywele ilikuwa nyeupe, mais sauti ilikuwa ile ile.

"Kahongya! Mutoto wa bule ba nyumba ya juu! Ulikuwa unasoma b nyuma mbele, leo unakuya kufundisha balimu?"

"Tata directeur, ninakuya mwenyewe kufundishwa."

Leçon ya kwanza na ya pili zilipita sawa sikukuu. Batoto makumi tano na kitu, kila mutu na kamba yake, mavumbi juu, Adèle katikati anaruka nabo. Muzee Paulin alisimama ku mulango wa bureau anacheka mupaka machozi. Akasinya fiche mbili, siku ile ile, sawa karatasi inasema.

Siku ya leçon ya tatu, akamuita pembeni. Mvua ilikuwa imebomoa kipande ya masomo, mwaka wa tatu na wa ine balikuwa banasomea mu kanisa, na bazazi balikuwa bamekubaliana kujenga na majiwe. Saruji bazazi, majiwe batoto. Sasa muda gani batoto baende ku muto, kama si saa ya gymnastique? Programme yote ilikuwa imejaa. Mu masomo yetu hii haishangaze mutu. Saa ya gymnastique njo saa ya maji, saa ya kufagia, saa ya shamba ya masomo. Toka Luofu mupaka Beni mutu akisikia gymnastique anatafuta jembe.

"Mwana wetu," muzee akasema, "leo batoto bataenda Kimemi."

"Na leçon yangu, tata?"

"Kubeba jiwe ku kichwa, shingo sawa, mugongo sawa, kupanda mulima bila kuangusha: na hiyo iko nini? Siye mu Kipese tulikuwa na professeur gani wa gymnastique? Angalia miguu yetu."

Adèle akacheka. Ilikuwa ya kuchekesha, na ilikuwa kweli kidogo, na hapo njo hatari yake. Akasema: "Wiki hii tu, tata."

"Wiki hii tu. Leta fiche nisinye, usipate matatizo."

Wiki ile ikaisha, ukuta ulikuwa ku magoti. Wiki yenye kufuata, ku kiuno. Kila mara Adèle alikuwa anakuya na fiche yake mu mukono, imeandikwa vizuri, kuruka juu, kurusha mupira, kukimbia na kupokezana kijiti, na kila mara muzee alikuwa anaangalia mawingu, anasema mvua iko karibu, afazali leo tena ku muto. Na Adèle anavua kamba za migomba, anaziweka mu pembe ya bureau, anatembea mbele ya batoto mupaka Kimemi, na yeye mwenyewe na jiwe ku kichwa. Hakuikala chini ya kivuli, hiyo tumupe. Batoto balikuwa banaimba. Balikuwa bamejifundisha kufunga kata ya majani, ile ya kuweka ku kichwa chini ya jiwe, na kila mutoto alikuwa anaificha mu kaptula yake asiibiwe.

Mara moja alijaribu. Leçon ya saba, alisimama mbele ya meza ya muzee, akasema: "Tata, karatasi ya masomo yetu inasema nifundishe mwenyewe."

Muzee akainua macho, hakukasirika hata kidogo. "Nani anakukataza, mwana wetu?"

Na ni kweli, hakuna mutu alimukataza. Angesema: basi leo batoto babakie hapa. Maneno tano. Lakini kwa mutu wa kwetu, kumuambia hapana muzee mwenye alikufundisha a na b, mu bureau yake, wakati anajengea batoto ba watu, ni sawa kumutosha kofia ku kichwa na mukono wako. Adèle mwenye aliwezana na chorale muzima, mwenye bavulana ba section balimuogopa, aliinamisha kichwa. "Hapana, tata. Nilikuwa nauliza tu." Muzee akasinya ya saba, na pale pale, juu ya mapendo, akasinya ya munane vilevile, ya kesho, kwa kumurahisishia.

Ukuta ukafika ku mabati. Leçon kumi na mbili zikaisha ku karatasi. Ku miguu ya batoto zilikuwa mbili.

Jury ikakuya siku ya tatu asubui: Professeur Zorobabel na mwalimu mwengine wa section. Bakanawa mikono ku ndoo, bakapimwa joto, bakapewa biti biwili mu kivuli. Muzee Paulin alivaa koti. Adèle alivaa training yenye kunyoroshwa na pasi. Akapuliza filimbi, na mwaka wa ine, batoto makumi tano na kitu, bakapanga mustari.

Moja. Mustari moja murefu, uso ku mulango wa nje. Si mistari ine uso kwa mwalimu, sawa alibafundisha mu leçon ya kwanza.

Zorobabel akasimama. Alipita mbele yabo polepole, akasimama kwa katoto kamoja ka miaka kenda, kanaitwa Bénite, macho makubwa, hodari mu masomo yote.

"Mutoto wangu, leçon ya gymnastique inaanzaka namna gani?"

Bénite akafurahi kabisa, juu alijua jibu. "Monsieur, tunafunga kata."

"Munafunga nini?"

"Kata!" darasa muzima ikajibu, na makumi tano na kitu bakaingiza mukono mu nguo, bakatosha kila mutu kata yake, bakaweka ku kichwa. Benye balikuwa mbele, juu ya kutaka kumupendeza mugeni, bakaanza kutembea kuelekea mulango. Tatu balikuwa bameisha kufika mu barabara. Bazazi benye balikuwa banapita bakacheka. Mwalimu wa pili wa jury akaficha mudomo na cahier.

Zorobabel hakucheka. Akafungua fiche, akazihesabia mu vidole, kumi na mbili, sinyature kumi na mbili. Akaangalia ukuta mupya. Muzee Paulin alikuwa anaangalia ule ule ukuta.

"Madame Adèle," Zorobabel akasema, na sauti haikuwa mubaya, "mu hizi kumi na mbili, ulifundisha ngapi?"

Mbili. Neno ilikuwa mu mudomo wake, imefika ku meno. Karatasi ilikuwa inasema: aseme, atairudilia. Mais muzee alikuwa pale, mita mbili, na koti yake, mbele ya batoto bake na bazazi bake. Akisema mbili, ni nani alisinya zile kumi? Kila mutu atageuka amuangalie.

"Zote, professeur."

"Nitauliza tena, juu upepo iko mingi. Ulifundisha ngapi?"

Batoto balikuwa banamuangalia, na kata zabo ku kichwa.

"Zote."

Zorobabel akafunga cahier, akashukuru kwa chai yenye hakukunywa, akaenda.

Siku kumi nyuma yake Sadrack alimupigia simu. Kila siku alikuwa na mizaha, ile siku hakuwa nayo. "Mama Adèle, usikuye ku valve," ile ubao yenye banatundikaka majina. "Usikuye." Akaenda. Jina yake ilikuwa ya mwisho, na mustari mwekundu juu. Si kurudilia. Kutoshwa.

Alingoja siku ya mungu, akaenda kwa Zorobabel ku nyumba nyuma ya kanisa. Mutu mukavu ule alimukaribisha, akamuletea kiti mwenyewe.

"Professeur, zilikuwa mbili."

"Najua zilikuwa mbili. Hata mbuzi ya mu barabara ilijua."

"Sasa juu ya nini uliuliza?"

"Nikuandikie: arudilie stage. Miezi tatu, unafundisha kumi zako, unapata diplôme na bengine. Sikukuya kukutega, Madame. Nilikufungulia mulango mara mbili, weye ukaufunga mara mbili."

"Alikuwa muzee wangu. Alinifundisha kusoma."

"Njo maana niliuliza weye, sikumuuliza yeye. Jury imeisha kuikala. Sasa siwezi tena."

Kayna balingoja mwezi moja, kisha bakamupa kijana mwengine, mwenye kupuliza filimbi sawa mutu anapooza uji. Adèle hakuweza kurudi kuikala Butembo na kukutana na ile ukuta kila asubui. Akapata darasa Beni. Mama yake Kipese alikuwa anauliza ku simu: "Diplôme iko wapi?" na Adèle anajibu: "Iko inakuya, mama." Alijibu vile miaka miingi. Kisha vita ikafika ku milima yabo, mama akakimbilia Butembo kwa mudogo wake, na diplôme bado ilikuwa inakuya.

Ikafika mwaka wenye masomo makubwa balikuwa banafunga programme ya zamani na kuingiza mupya. Siku moja ya mwezi wa pili, simu ikalia. Orpa, secrétaire.

"Adèle, dada, sikiliza vizuri, sina mafranga ya kurudilia. Programme yetu ya zamani inaisha. Kutakuwa jury moja ya mwisho. Bule benye balitoshwa juu ya stage banaweza kuomba kurudi kufanya stage, mais masharti ni mbili. Barua ya mukono wako, unaeleza kosa yote, bila kuzunguka. Na neno ya directeur wa stage, anakubali kama ilikuwa vile. Mbele mwezi wa tatu uishe. Ukipitisha hapo, utaanza mwaka wa kwanza na batoto benye ungezaa. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Basi usilale!"

Hakulala. Barua aliiandika mu saa moja, kurasa mbili, bila kukata neno hata moja. Kosa yake aliieleza wazi kabisa: leçon mbili, majiwe kumi. Alishangaa mwenyewe namna ilitoka vyepesi. Ilibakia neno ya muzee Paulin.

Sasa angalia mutu. Wiki ya kwanza alisema barabara haiko sawa, angoje isikike kama imetulia. Barabara ikakuwa sawa. Wiki ya pili alisikia muzee anaenda retraite, anaacha kazi, na bazazi banamupangia sikukuu, juu alijengea masomo yabo na mikono mitupu. Namna gani utaenda kwa mutu ku sikukuu yake na karatasi, umuambie: tata, andika hapa kama ulisinya bongo, maneno ya uongo? Akasema: sikukuu ipite kwanza. Ikapita. Wiki ya tatu akamupigia simu. Muzee akapokea mbiyo, sawa mutu alikuwa na simu mu mukono.

"Kahongya! Mwana wetu! Unanitafuta? Kuko kitu?"

Adèle alikuwa na barua juu ya magoti.

"Hapana, tata. Ni kukusalimia tu. Na kukushukuria kwa retraite."

"Aah. Ni kusalimia. Basi ni vizuri. Mungu akubariki."

Mwezi wa tatu ukaisha. Orpa akapiga simu siku mbili nyuma yake. "Barua yako sikuiona."

"Sikupata mutu wa kusinya."

"Haukupata? Toka Beni kufika Butembo ni Ulaya? Ao muzee alikataa?"

"Sikumuuliza."

Orpa hakumutukana. Alipiga ulimi, akakata simu, na hiyo ilikuwa mubaya kuliko matusi.

Mu mwezi wa tano Adèle alisikia muzee Paulin ni mugonjwa wa miguu. Akabeba unga wa mihogo na mafuta ya mawese ya Beni, akaenda Butembo kumutembelea. Mama Abigaïl, bibi ya muzee, akamufungulia, akamuikalisha, akaleta chai. Muzee alikuwa ku kiti cha nje, blangeti ku magoti, macho bado makali.

"Ulichelewa," muzee akasema mbele ya salamu.

"Nilikuwa na kazi ya darasa, tata."

"Sisemi leo. Nasema mwezi wa tatu. Professeur wako mufupi ule alipita hapa mu mwezi wa pili. Aliniambia kuko barua, na wataniomba neno. Nikamuambia: mutoto akuye, neno iko tayari. Nikakungoja. Siku ulinipigia simu, nilimuambia huyu mama, njo leo. Ukanisalimia tu."

Adèle alishika kikombe na mikono yote mbili.

"Nilisema nitakuletea haya, tata. Wakati wa sikukuu yako."

"Haya gani? Ku umri huu?" Muzee akacheka, kisha cheko ikakatika katikati. "Kahongya, ile siku ya jury, nilikuwa naangalia ukuta nangoja useme mbili. Nilikuwa nimeisha kupanga jibu yangu: ndiyo, professeur, ni mimi nilikamata batoto, si yeye. Weye ukasema zote. Nikasema mu moyo, kumbe mutoto amechagua njia yake. Nikifungua mudomo namuonyesha ni mutu wa uongo mbele ya batu. Nikanyamaza. Mupaka leo huyu mama ananiuliza kwa nini nilinyamaza."

"Ndiyo, namuuliza," mama Abigaïl akasema mu mulango. "Na hajibu. Bote mbili mulikuwa munachungana sawa bakwe!"

Hakuna mutu alicheka. Adèle alikuwa anahesabu: miezi tatu ya Zorobabel, kazi ya Kayna, miaka yote yenye mama yake aliulizaka ku simu. Juu ya muzee mwenye alikuwa anangoja aitwe.

"Leta karatasi," muzee akaambia bibi yake. "Na ile deske ndogo."

Aliandika muda murefu. Herufi zilikuwa za mwalimu, zimesimama sawa batoto ku mustari. Mara mbili alisimama, akauliza kama kumi wanaandika na herufi ao na chiffre, akajijibu mwenyewe. Kisha akasoma kwa sauti: yeye Paulin, directeur wa zamani, anashuhudia kama stagiaire Kahongya Adèle alifundisha leçon mbili, na vizuri sana, kama kumi zingine ni yeye directeur alipeleka batoto ku majiwe, na akasinya, kama ile kosa ni yake mbele ikuwe ya ule mutoto. Akasinya. Akapuliza wino, hata kama bic haina wino ya kupuliza.

"Nimeandika vizuri?"

"Vizuri kabisa, tata."

"Basi usiikale tena. Peleka leo leo, mbele bureau ifungwe." Akamushika mukono, macho yake yamefunguka, miaka imemutoka ku uso. "Itafika ku wakati? Niambie kweli."

Mama Abigaïl alikuwa anaangalia. Karatasi ilikuwa bado na joto ya mukono wa muzee, na muda wa Orpa ulikuwa umepita tangu mwezi wa tatu.

"Itafika, tata," Adèle akasema. "Wasingya," akamushukuria mu luga ya kwabo.

Akaikunja mara mbili, akaimaliza chai yote, mupaka majani ya chini.